Jina Langu Kwenye Kipaza Sauti

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Iandikwe na isomwe: Temeke nzima, ukitokea Keko mpaka uishie Mbagala, hakuna anayezijua ndege kama mie Jamali bin Bakari. Rubani akipita juu ya bati letu hupunguza moto kwa heshima. Nimepanda pipa mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. (Niliacha kwenye sifuri. Lakini kuacha ni kuacha.)

Leo nyumbani pamechangamka. Shangazi Nusaiba kapewa kadi! Huyu ni dada yake marehemu Baba, anauza vitenge na chupa za chai Kariakoo, na tangu biashara ifunguliwe anakwenda Dubai kama wengine wanavyokwenda bombani kuchota maji. Sasa Shirika la Ndege la Marjani limechoka kumwona bure bure, limempa cheo: mteja wa mara kwa mara. Kadi ya fedha. Inang'aa kama kijiko cha harusi, na jina lake limetokeza, ukipitisha kidole unalipapasa.

Aliyemsomea faida zake ni binamu yangu Talha, bishoo wa Magomeni, kidato cha nne kamaliza, nywele kazigawa upande kama barabara. Anasoma huku kakunja nne. Eti kwanza, kilo za ziada kwenye mizigo. Pili, kukaa launji, chumba cha wakubwa cha kungojea ndege, maji ya matunda na korosho bure. Tatu, kutangulia kupanda ndege kabla ya watu wengine. Nne, kutambuliwa kwa jina. Tano, pointi. Na kwa kuwa shirika linatimiza miaka kumi, kila mwenye kadi ya fedha anapewa tiketi moja ya bure ya mtu wa kufuatana naye, mwisho Agosti hii hii.

Hapo ubishi ukazuka. Shangazi akasema kilo, mengine yote ni nakshi tu. Talha akasema pointi, maana pointi ni akili na kilo ni mgongo. Mie nikasema kuitwa kwa jina. Wakacheka! Talha akaniuliza jina lina uzito gani. Nikamwambia yeye kaitwa jina shule miaka kumi na moja kwa hiyo hawezi kujua njaa yake. Mie mwalimu aliniita jina siku moja tu, siku ya kunifukuza. Siku nyingine zote nilikuwa "wewe wa nyuma".

Shangazi akafunga mkutano. Akasema kuna tiketi moja na wapwa wawili, tutajua. Akatuangalia kama anavyoangalia jora la kitenge, anatafuta pa kukata.

Lazima niende mie. Lazima!

Jumatano, 3 Agosti

Sijalala vizuri. Nimeutazama ukuta wa chumba changu mpaka asubuhi.

Ukuta huo ndio chuo kikuu changu. Baba alikuwa dereva wa trekta la mizigo uwanja wa ndege, lile linalovuta vitoroli kama treni ya watoto. Abiria wakifika wanachana vile vikaratasi vya kwenye mabegi wanavitupa, Baba anaviokota, anakuja navyo mfukoni, anavibandika kwa uji wa muhogo. Bombei. Harare. Frankifati. Jeddah. Mie jiografia ya darasani nilipata ziro, lakini niulize begi lenye herufi tatu fulani linakwenda wapi, nakujibu huku natafuna.

Na Jumapili! Lo, Jumapili za zamani hazipo tena. Baba anavaa shati lake jeupe, ananipeleka juu kwenye roshani ya wasindikizaji. Wakati ule kumsindikiza mtu uwanja wa ndege ilikuwa harusi. Anayesafiri kavaa suti. Anayembebea begi kavaa suti. Ukoo mzima umejipanga pale juu, akina mama wamefunga khanga doti moja, na mtu anayekwenda wiki moja tu Nairobi analiliwa kama hatarudi. Baba ananinunulia soda moja, tunakunywa kwa zamu, ananiambia ile inatoka wapi, ile inakwenda wapi, na yule mnene mwenye kofia begi lake lina dagaa, yeye kalinusa mwenyewe asubuhi.

Ilikuwa enzi ya foleni ya sabuni. Baba akawa anatuletea visabuni vya ndege, vidogo kama biskuti, vinanukia ulaya. Mama alituogeshea Idi tu.

Kwenye ile roshani kuna chuma cha kuegemea. Kona ya kushoto rangi imebanduka, ndipo Baba alipokuwa anaweka mkono. Akanambia siku moja wewe utakuwa mle ndani, dirishani, na mie nitakuwa hapa hapa kwenye chuma changu. Ukae upande wa huku, Jama. Unipungie. Nikamuuliza nitajuaje kama umeniona. Akasema nitakuwa navua kofia.

Masika mawili sasa tangu tumzike. Lakini ahadi ni ahadi. Nitakaa dirishani, upande wa huku, nitapunga. Hilo silimwambii mtu. Watasema mtoto wa mjini kalainika.

Mchana Lulu kapita. Lulu anasuka nywele kwenye saluni ya mabati mkabala na kwetu, na akicheka hata wateja wenye kitana kichwani wanageuka. Akachungulia ukuta kupitia dirishani, akauliza vyote hivyo ni vya nani. Nikasema vya nani tena, sista? Ni safari zangu. Akauliza Frankifati kukoje. Nikasema baridi, lakini watu wake wastaarabu. Akauliza mbona hujawahi kukosekana hapa Keko hata siku moja. Nikamwambia mie naendaga asubuhi narudi jioni.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Ananipenda huyu.

Ijumaa, 5 Agosti

USHINDI! Nauandika kwa herufi kubwa na bado ni ndogo.

Baada ya swala Shangazi katuita dukani kwa Eliaichi, kwenye mizani ya sukari. Katuambia kila mtu alete begi lake analotaka kusafiri nalo. Hajatueleza kwa nini. Ujanja wa Shangazi huo.

Talha kaja kachomekea. Begi la ngozi la kuazima. Ndani: suti, tai mbili, pasi ya umeme, kamusi, viatu vya akiba, na dawa ya mbu. Dubai! Dawa ya mbu! Mizani ikalia kama mlango wa kaburi. Eliaichi mwenyewe akauliza ndugu unahama?

Mie nikatoa mfuko wa plastiki. Ndani mswaki na chupi moja. Nikaweka juu ya mizani. Mshale haukutikisika hata kwa adabu. Eliaichi akanishauri nipulize.

Shangazi akapiga makofi. Akasema sasa tusikilize vizuri, yeye hamchukui mtu akaone dunia. Anachukua kilo zake. Mtu wa pili ni mizigo ya mtu wa pili, na mtu asiye na kitu chake ndiye abiria bora kuliko wote. Akanigeuza, akanipapasa mgongo, akasema huu ni mgongo wa kaka yangu Bakari, utabeba majora.

Talha akasema hiyo si haki, safari ni elimu. Shangazi akamwambia elimu haiuziki Kariakoo, vitenge vinauzika, na avae tai yake aje atusindikize.

Kisha akanitahadharisha mbele ya watu wote: kilo zangu ni zake. Kwenda na kurudi. Nisizigawe hata ya pilipili. Nikaapa kwa jina la Baba.

Jumatatu, 8 Agosti

Nimezigawa.

Nijieleze. Mtu akijulikana anasafiri, Keko yote inamtembelea. Ndivyo ilivyo tangu enzi. Hawaji kuomba, wanakuja kukujulia hali, na ukishatoka kumwagia kuku maji unakuta kifurushi kimeachwa kwenye kiti. Sasa mtu asiyetumwa kitu ni msafiri gani? Ni mkimbizi tu.

Wa kwanza alikuwa Fundi Apolinari, seremala wa hapa barabarani, anayetengeneza makabati mpaka ya wabunge (kwa maneno yake). Akaja na kofia mkononi. Kasikia Dubai kuna randa ya umeme, unaisukuma hivi, mbao inalainika kama shavu la mtoto. Yeye anaranda kwa mkono tangu ujana, bega limeanza kumuuma, usiku halali upande wa kulia. Kifaa chenyewe anacho mtu mmoja tu huku kwetu na hakiazimishi hata kwa macho. Fedha yake ya randa kashaiweka tayari, kinachomkosesha ni mtu wa kumletea. Nikamuuliza kina uzito gani. Akasema kama mtoto wa mwaka mmoja, aliyeshiba. Nikasema hakuna shida, Fundi, mie mteja wa mara kwa mara.

Akafurahi akataka kunilipa. Nikakataa, mie si mchuuzi. Akasema basi atanitengenezea sanduku la safari. Mninga mtupu. Siwezi kwenda majuu na mfuko wa plastiki kama mtu aliyetumwa mkate.

Hapo nilipaswa kusema hapana. Nikasema liwe na kona za shaba.

Halafu Lulu. Anataka kikaushio cha nywele, kile kikubwa cha kuvaa kichwani kama kofia ya rubani. Kile nacho si kidogo. Lakini aliniita "braza Jama". Akaahidi atakuja uwanjani kunisindikiza, atavaa gauni la njano. Mtu ataringia kilo mbele ya gauni la njano?

Jioni tukabishana na Fundi, ipi faida kubwa kwa mtu anayepanda ndege sana. Yeye kasimama na Shangazi: kilo. Kasema ndege ni lori lenye adabu, mengine madoido. Nikamwambia ngoja uwanjani wasome jina langu ndipo utajua. Akasema jina lake lilisomwaga redioni mara moja, tangazo la msiba, na halikumpunguzia bega.

Sijamwambia Shangazi. Nitamwambia tukiwa angani. Angani hawezi kunirudisha.

Alhamisi, 11 Agosti

Sanduku limekuja. Wamelibeba wanaume wawili. TUPU.

Ni zuri mno. Nasema kweli, nililiona nikatamani kulala humo. Kona za shaba, mshikio wa kuchonga, na kwenye kifuniko Fundi kachora ndege na jina: JAMALI BAKARI. Herufi zimechimbwa ndani kabisa, msasa umepita, ukipapasa unasikia kama ile kadi ya Shangazi. Karibu nitoe chozi. Niliweza kujizuia kwa sababu lilikuwa limeniangukia kidoleni.

Tukalipeleka kwa Eliaichi. Mizani ilikubali kwa shida. Sanduku peke yake, bila hata mswaki, limekula zaidi ya nusu ya kilo zangu!

Shangazi karudi kutoka Kariakoo akalikuta ukumbini. Akauliza nani kafariki.

Nikamwambia ni zawadi. Akalizunguka. Akalibisha hodi kwa vidole. Akauliza kwa nini seremala anipe zawadi ya mninga na mie sijamfanyia kitu tangu nizaliwe isipokuwa kumvunjia dirisha. Nikasema ni mapenzi ya ujirani. Akaniangalia sana. Akasema litabaki hapa hapa.

Nikalia. Ndiyo, nikalia, ni mbinu. Nikasema Baba alibeba masanduku ya watu miaka yote, jina lake halikuwahi kuwa juu ya hata moja. Niliisema kama mbinu lakini ikanitoka vibaya, sauti ikakatika katikati. Shangazi akapapasa BAKARI kwa kidole. Akasema haya, liende, lakini kurudi litajazwa vitenge vyake mpaka pomoni, na wallahi akikuta humo kitu cha mtu atanishusha baharini.

Talha alikuwapo. Kaniuliza kwa upole wa kinafiki kama nafahamu taratibu zote za uwanjani. Nikamwambia taratibu ni za watu wa kawaida. Mwenye kadi ya fedha anatangulia. Maana yake nafasi ya mbele ni yangu, imewekwa, hakuna wa kuikalia. Naweza kuichukua muda ninaotaka. Anayekimbizana na foleni ni asiye na kadi.

Talha akatikisa kichwa akaenda zake. Nilimmaliza.

Jumapili, 14 Agosti, jioni

Niko nyumbani.

Kwanza nieleweke: kosa ni la shirika. Pili, la Talha. Tatu, la yule mwenye kipaza sauti. Korosho nazo zichunguzwe.

Asubuhi ilikuwa kama zamani! Lori la Fundi la kubebea mbao, sie wote juu, sanduku katikati kama bwana harusi. Barabara ya Pugu nzima wanatutazama. Lulu kavaa la njano. Talha tai. Akina mama wanaimba. Nikafumba macho nikaona shati jeupe la Baba.

Mizigo ikapokelewa. Msichana wa Marjani akaliona sanduku, akaita wenzake walione. Likaenda na mkanda taratibu, jina langu juu, likaingia nyuma ya pazia. Wakanipa kadi ya kupandia. Kiti cha dirishani. Niliomba upande wa huku. Akauliza huku wapi. Nikamwonyesha roshani. Akanipa!

Hapo ndipo Fundi Apolinari, Mungu amsamehe, akapaza sauti kutoka nyuma ya kamba: dogo, usiisahau randa yangu! Na Lulu: na kikaushio, braza Jama! Shangazi akageuka pole pole. Sitaandika alivyoniangalia.

Akaniingiza launji bila neno. Makochi yanakumeza. Maji ya matunda kwenye bilauri ndefu. Korosho kwenye vibakuli, hakuna anayezilinda. Nikajaza mifuko yote miwili. Shangazi akasema kwa meno yaliyofungwa kwamba tukifika tutaongea, sasa anatangulia kugonga mhuri wa pasi, nimfuate. Nikasema naja, naenda kuwaaga watu.

Nikapanda ngazi za roshani.

Ile ile. Sakafu ile, harufu ile ya mafuta ya ndege na soda iliyomwagika. Watu wachache siku hizi, suti hamna, lakini Keko walikuwa wameijaza. Wakanishangilia. Nikawagawia korosho. Lulu akauliza huchelewi? Nikamwambia sista, mie natangulia, kwa hiyo siwezi kuchelewa. Talha akasema hiyo hesabu haijakaa sawa. Nikamwambia ndiyo maana yeye yuko nyuma ya kamba.

Nikaenda kona ya kushoto. Chuma kipo. Pale rangi ilipobanduka pamebanduka zaidi. Nikaweka mkono.

Na hapo jina langu likaitwa! Kwenye kipaza sauti! Abiria Jamali Bakari, abiria Jamali Bakari, anaombwa kufika mlangoni. Keko wakalipuka. Nikawaambia mnasikia? Anaombwa! Wengine wanaamrishwa, mie naombwa! Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, nilisema nini mie? Likaitwa tena. Fundi akanipa mkono, akakiri kwamba ni kubwa kweli, inaingia mpaka kifuani. Likaitwa mara nyingine, na sauti sasa ilikuwa na heshima kali zaidi.

Chini abiria wanatembea kuiendea ndege. Shangazi wa mwisho. Kafika kwenye ngazi, kageuka, katuona. Akainua mkono juu, kiganja kikiangalia chini, akawa anavuta vidole, anavuta, anavuta. Sasa mkono wa kuita na mkono wa kuaga, ukiwa mbali, una tofauti gani? Akina mama wakaanza vigelegele. Sie wote tukampungia. Shangazi akatumia mikono miwili. Tukasema tazama anavyotupenda! Tukapunga mikono miwili. Akavua mtandio akaupeperusha. Lulu akatoa leso.

Mhudumu akamshika Shangazi mkono, akamwingiza ndani. Ngazi ikaondolewa. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikapaa. Nikapunga mpaka ikawa nzi.

Talha akanigusa bega. Akaniuliza, Jamali, wewe si ulitakiwa uwe mle?

Kimya cha watu wa Keko, nilikuwa sijawahi kukisikia.

Sanduku langu limekwenda Dubai. Lina uzoefu wa safari kuliko mie.

Jumanne, 16 Agosti

Nipo Chanika kwa mjomba Mwinjuma, ndugu yake Mama, analima mihogo. Si kwamba nimekimbia. Nabadilisha hewa.

Keko hapakaliki. Watoto wa mtaa wakiniona wananipungia mikono miwili. Fundi Apolinari hajanilaumu, na hilo ndilo baya. Nilipita karakana yake jana, anaranda ubao kwa mkono, kila akisukuma anasimama, anajipapasa bega, anaendelea. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenirushia nyundo.

Hapa Chanika mambo safi. Nimemwambia mjomba nimetoka Dubai. Habari zikaenea kwenye mihogo yote. Wakaja kunisalimu, wakanichinjia jogoo. Kijana mmoja kaniuliza, braza, kwa mtu anayepanda ndege kila siku, kipi hasa kizuri kuliko vyote? Nikakohoa. Nikawaambia launji ni starehe, kilo ni biashara, pointi ni za wasomi. Lakini siku usikie jina lako linaitwa, watu wote wanageuka, na ndege nzima imesimama inakungoja wewe...

Wakasogea karibu kwa raha. Mjomba akafuta jicho, akasema Bakari angekuwepo angelia.

Jogoo akanikwama. Nikaaga mapema, nikasema kichwa kinaniuma kwa sababu ya mawingu.

Jumapili, 21 Agosti

Shangazi karudi jana. Nilimpokea kwa magoti. Hakunipiga. Kaniambia tu kwamba kiti changu cha kwenda kikiwa kitupu, cha kurudi nacho kinafutwa, na kilo zote za kiti hicho zimefutwa nacho. Alibaki na kilo zake mwenyewe na za kadi.

Kisha akafungua sanduku la mninga. Vitenge vichache sana. Katikati yake, imefungwa kwenye mtandio wake ule ule, randa ya umeme.

Shangazi akasema kaacha majora mazima kwa mwenyeji wake Dubai ili iingie. Kwa sababu mpwa wake ni mpumbavu lakini mzigo wa mtu ukishaahidiwa kwenye nyumba ya Bakari unafika. Kaka yake alivuta mizigo ya watu maisha yake yote, haukupotea hata mfuko. Kikaushio hakikupata nafasi. Lulu atanisamehe au atanisusa, shauri yangu.

Nimeipeleka mwenyewe. Fundi kanikabidhi fedha ya Shangazi, kaichomeka kwenye umeme, ikanguruma, maganda ya mbao yakaruka kama popo. Kacheka kama mtoto. Halafu kaniambia neno moja: kilo. Nikamwachia. Leo kashinda yeye.

Sasa mambo mazito. Imebaki safari moja tu Shangazi apate kadi ya DHAHABU! Inakuja na tiketi nyingine ya mtu wa kufuatana naye. Kasema anakwenda Talha. Imekwisha, hakuna rufaa. Itafika lini, Desemba? Muda upo. Nimeshaongea na Fundi, kwa furaha aliyonayo hanikatalii kitu. Anamtengenezea Talha sanduku la safari. Zawadi ya ujirani. La mkongo, mti mzito kuliko mninga. Kona za chuma. TALHA juu yake, herufi za kuchimba. Nimempelekea habari mwenyewe. Bishoo macho yamemtoka kwa furaha, kaniita kaka. Siku ya mizani kwa Eliaichi tutaonana.

Lulu nimemwambia wenye kadi ya dhahabu ndege inawarudia. Kasema safari hii atavaa la bluu.

Na wanaouliza nawaambia: mkono wa kuita na wa kuaga unafanana, mtu yeyote angekosea.

Hapa ndani naweza kusema. Haufanani. Nilijua ananiita. Tangu jina liliposomwa mara ya pili nilijua, na miguu ilikuwa mizima, na ngazi ilikuwa pale. Lakini nilikuwa nimeshika chuma pale Baba alipokuwa anashika, nikawaza nikae dirishani, upande wa huku, nipunge, nitazame kona hii, na isiwe na mtu wa kuvua kofia.

Nikabaki, ili pale pawe na mtu.